Soksi ya Bibi Wietske

Mimi ni fundi. Nazunguka Friesland nzima
na sanduku la bisibisi, na kahawa iliyopoa,
banda hadi banda, nikitibu roboti za kukamua.
Watu huniuliza kwa sauti ya chini,
kana kwamba mgonjwa yumo chumbani na hajalala:
Inatuona?

Hylke, wa pale darajani, huivulia kofia.
Mkewe hathubutu kugombana naye ndani ya banda;
ugomvi wao huuhamishia jikoni.
Kijana wao ameapa kwamba inamchukia
kwa sababu utotoni aliipiga teke.
Nami naeleza, mpaka kueleza kumenichosha:
haina uso. Haina hata kisogo cha kukupa.
Ina mwali wa leza, mwekundu, chini usawa wa goti,
unaotafuta chuchu nne
kama mtu apapasaye ufunguo ndani ya mkoba.
Zikipatikana, dunia imetimia.
Zisipopatikana, hakuna dunia.

Leo ni kwa Bibi Wietske.
Mifereji imeganda. Durk alizikwa Novemba,
na viatu vyake vya mpira bado viko mlangoni,
vimeelekezwa nje.

Roboti nimeikuta imevikwa soksi.
Soksi ya sufu, ya kiume, kisigino kina kiraka,
imevutwa juu ya ile taa ya duara
inayowaka kijani mambo yakiwa shwari.
"Nimeifumba jicho," akasema.
"Usiku nakuja humu. Sitaki inione."

Ile si jicho, Bibi.
Ile ni taa. Huona kama kijiko kionjavyo mchuzi.
Maneno yalinijia hadi kwenye meno,
nikayarudisha.

Nikafungua kumbukumbu kutafuta hitilafu.
Boukje: kilo mia sita arobaini, lita kumi na mbili,
joto limezidi kidogo, nyuma kushoto.
Froukje: kilo mia sita na tatu. Amerusha teke mara mbili.
Kisha, saa tisa na robo usiku:

mnyama asiye na kola.
Kilo hamsini na sita.
Lango la mbele limefunguliwa. Hatoki.
Lango limefunguliwa tena. Hatoki.
Limefunguliwa tena.
Dakika kumi na tisa.

Nyuma yake, foleni ya ng'ombe wenye viwele vizito,
wakisubiri, bila kusukumana.

Nilisahau sakafu. Sote huisahau sakafu.
Chini ya pale anaposimama mnyama kuna mizani,
na mizani haivishwi soksi.

Nikarudi nyuma, usiku kwa usiku.
Januari: mnyama asiye na kola, kilo hamsini na tisa.
Desemba, usiku wa mwaka mpya, fataki zikilia mjini: sitini na moja.
Novemba, siku tatu baada ya mazishi: sitini na nne.
Na kila mara lango limefunguliwa, limefunguliwa, limefunguliwa.

Usiniambie ni huruma. Najua kanuni hiyo,
niliiweka kwa vidole hivi:
asiyetambuliwa, mfungulie atoke.
Ingemfungulia mbwa. Ingemfungulia mwizi.
Imeandika kilo nane zikimtoka mwanamke
kwa wino uleule wa maziwa na mateke,
na hakuna aliyesoma
mpaka foleni ilipogoma.

Nikafunga kompyuta. Nikafuta mikono muda mrefu
kuliko uchafu uliokuwapo.
"Bibi," nikasema, "umekula nini leo?"

Akaniangalia. Akaiangalia roboti.
Akanong'ona, akiegemea ukuta:
"Imekwambia?"

Hapa ndipo fundi hutakiwa kueleza.
Leza, goti, chuchu, taa, kijiko, mchuzi.

"Haijasema kitu," nikajibu. "Nina njaa mimi."
Alipotangulia kuelekea jikoni
niliivuta ile soksi, nikaikaza vizuri,
isije ikadondoka.